Aloisi Gonzaga na Swali Watakalotuuliza Wajukuu



Tarehe 21 Juni Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Aloisi Gonzaga, msimamizi wa vijana. Huku kwetu Lushoto Juni ni mwezi wa ukungu na sweta, unaenda Misa ya kwanza huoni hata mnara wa kanisa. Na kina Aloyce wamejaa, kila jumuiya ina Aloyce wake, kama siyo wawili. Lakini hebu muulize Aloyce yeyote somo wake alikufaje. Wengi watakwambia alikuwa kijana msafi wa moyo, basi, wameishia hapo. Siwalaumu. Picha zake tunazozijua ndivyo zinavyosema: kijana mwembamba, uso mweupe kama karatasi, macho chini, msalaba mkononi, ua la yungiyungi pembeni.

Picha hizo hazionyeshi kilichomuua. Aloisi alikufa kwa ugonjwa wa mlipuko, akiwa na miaka 23, kwa sababu alimbeba mgonjwa.

Nimemchagua yeye mwaka huu kwa sababu ya swali linalonisumbua. Watoto waliozaliwa mwaka 2020, ule mwaka wa korona, sasa wako shule ya msingi. Wanajua kusoma. Muda si mrefu watafika darasa la historia, watakuta jambo hilo kitabuni, watarudi nyumbani na kuuliza. Hawatatuuliza serikali ilifanya nini, hayo kitabu kitawaambia. Watauliza wewe ulifanya nini. Ulikaaje na bibi yako? Jirani alipokohoa ulimfanyaje? Aloisi ni mmoja wa watu wachache ambao vizazi na vizazi, kwa zaidi ya miaka 400, vimewahukumu kwa jinsi walivyoishi miezi michache ya ugonjwa. Kwa hiyo tunaweza kuangalia kwake hukumu ya namna hiyo inavyokuja, na inamkuta mtu wapi.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1568 katika ngome ya Castiglione, kaskazini mwa Italia. Baba yake, Ferrante Gonzaga, alikuwa mtawala wa mji ule, mwanajeshi, mtu wa kamari na wa hasira za karibu. Mama yake, Marta, alikuwa amehudumu katika jumba la malkia wa Hispania, mama wa sala kweli kweli. Aloisi ndiye mtoto wa kwanza, yaani mrithi. Baba alimtaka awe askari tangu akiwa mdogo kabisa. Akiwa na miaka mitano hivi alipelekwa kambini kukaa na wanajeshi, akavalishwa kijivazi cha chuma, akapewa silaha za kichezea. Huko siku moja alichukua baruti, akafyatua mzinga mwenyewe, nusura umponde. Na lugha za wale askari alizishika zote! Akarudi nyumbani anatukana bila kujua maana yake, mpaka mwalimu wake alipomkalisha chini. Maisha yake yote aliona aibu kwa maneno yale. Mimi huwa napenda kipande hiki. Kinanikumbusha kwamba yule wa kwenye picha aliwahi kuwa mtoto mtundu kama watoto wengine.

Akiwa na miaka tisa alipelekwa Firenze pamoja na mdogo wake Rodolfo kujifunza mambo ya ikulu. Huko ndiko alikomwekea Mungu nadhiri ya usafi, na ndiko lilikoanzia lile ua la yungiyungi. Mwaka 1580 akapokea Komunyo ya Kwanza kutoka kwa askofu mkuu wa Milano, Kardinali Karoli Borromeo, ambaye naye leo ni mtakatifu.

Hapa nisimame kidogo, maana watu hupita haraka sana kwa huyu kardinali. Miaka minne tu kabla ya kumkomunisha Aloisi, Milano ilikuwa imepigwa na tauni, ile ya 1576 hadi 1577. Wakubwa wengi wa mji walikimbia. Borromeo alibaki, akaingia kwa wagonjwa, akauza vitu vya nyumba yake kulisha wenye njaa. Lakini pia alikuwa mtu wa tahadhari. Watu walipofungiwa majumbani ili wasiambukizane, aliagiza altare zijengwe kwenye njia panda, Misa isomwe nje, waumini wafuate kutoka madirishani. Yeye mwenyewe, baada ya kuwatembelea wagonjwa, alijisafisha kwa siki kama matabibu wa wakati ule walivyoshauri, na alikaa mbali na wale ambao hawakuwa wameambukizwa. Sisi tuliofuata Misa kwenye redio na simu mwaka 2020 tukadhani ni mambo mapya, kumbe kuna mtakatifu alishatutangulia, tena bila bando.

Kijana aliyekomunishwa na mtu kama huyo alikua akijua kwamba kuna jambo moja zaidi linalowezekana wakati wa ugonjwa, mbali na kukimbia na kufa.

Miaka iliyofuata naipitisha haraka. Familia ilikwenda Hispania, Aloisi akawa mtumishi wa heshima wa mtoto wa Mfalme Felipe wa Pili. Huko akaamua kuingia Shirika la Yesu. Baba aliwaka. Alimtishia, akamzungusha kwenye majumba ya wakubwa ili moyo ugeuke, akatuma hadi maaskofu wamshawishi. Haikusaidia. Novemba 1585, kule Mantova, Aloisi alitia sahihi hati ya kumwachia Rodolfo urithi wote, na mwezi huohuo akaingia unovisi Roma. Alikuwa na miaka 17. Mwaka 1589 wakubwa wake walimrudisha nyumbani kwa muda, maana Rodolfo alikuwa na ugomvi wa ardhi na mtawala wa Mantova. Wengine walishashindwa. Aloisi akawapatanisha. Sisi Wasambaa tunaojua kesi za mashamba zinavyorithishwa kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu, huo nao tungeweza kuuita muujiza.

Tufike Roma, 1591.

Mji ulikuwa umeshapigwa na njaa. Mavuno yalikuwa mabaya Italia nzima, watu wa vijijini wakamiminika mjini kutafuta mkate, wakalala barabarani, na ugonjwa ukaingia. Vitabu vingi vinauita tauni, na kwa hali ile ya msongamano na njaa huenda palikuwa na homa zaidi ya moja. Hospitali zikajaa. Wajesuiti wakafungua hospitali yao ya muda, na Mkuu wa Shirika, Padre Claudio Acquaviva, akahudumia wagonjwa kwa mikono yake.

Aloisi alikuwa mwanafunzi wa teolojia. Akaomba naye aende. Kwanza alipita mitaani na mfuko begani kuomba chakula na nguo kwa ajili ya wagonjwa. Mtoto wa mtawala, anagonga milango kama ombaomba. Halafu akaanza kuhudumu wodini: kuwaosha, kuwalisha, kuwatandikia, kuwaandaa kwa kitubio.

Na alichukia. Nalisema hili kwa sababu vitabu vya watoto hulificha. Hakuwa na tumbo la hospitali. Harufu ya vidonda ilimgeuza moyo, uso ulimbadilika, waliokuwa naye waliona anavyopigana na mwili wake mwenyewe. Kila siku alikwenda hivyohivyo. Wapo vijana wanaojiona hawafai kwa sababu wakiona damu wanataka kuzimia. Basi mna msimamizi.

Wenzake wakaanza kuambukizwa. Vijana kadhaa wa shirika wakafa. Wakubwa wakaona haiwezekani kuwamaliza wanafunzi wote, wakamzuia Aloisi asirudi.

Sasa angalia alichofanya. Hakutoroka usiku. Hakusema kwamba mwenye imani haogopi vijidudu. Alitii, kisha akarudi kuomba tena, akaomba tena, mpaka wakamkubalia jambo la katikati: ahudumu katika hospitali ya Santa Maria della Consolazione, ambako wagonjwa wa ule ugonjwa wa kuambukiza hawakutakiwa kuwapo. Akaenda huko. Na huko akamkuta mtu mmoja amezidiwa, akamnyanyua, akamrudisha kitandani, akamhudumia. Yule mtu alikuwa nao ugonjwa. Tarehe 3 Machi 1591 Aloisi naye akalala.

Kabla ya kueleza alivyokufa, niwarudishe Usambara kidogo, kwa sababu sisi watu wa huku neno tauni hatulisomi kwenye historia ya Roma tu.

Vijana wengi wa mjini hawajui kwamba tauni, ileile ya panya na viroboto, ilikuwa hapa Lushoto juzijuzi. Iliripotiwa mwaka 1980 ikawa inarudi karibu kila mwaka kwa zaidi ya miaka 20. Maelfu waliugua, mamia walikufa, watoto wengi miongoni mwao. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walikuja kutoka Morogoro kunasa panya na kuhesabu viroboto. Ugonjwa wenyewe unaanza na homa, halafu mtoki unavimba kinenani au kwapani. Ukiwahi dawa, sindano za streptomaisini kwa mfano, unapona. Ukichelewa, ni hatari, na ukiingia kwenye mapafu mgonjwa anaweza kuwaambukiza wengine kwa kukohoa. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa ni kuwahi. Na kuwahi kulikuwa ni kusema.

Bibi yangu aliishi upande wa Rangwi, kule kwenye misheni ya masista, njia ya kuelekea Mtae. Mtoto wake mmoja, yaani mjomba wangu, aliugua tauni akiwa mdogo, akapona. Bibi ana simulizi za wakati ule ambazo huzitoa jioni tukimenya maharage, na nimezisikia mara nyingi kiasi kwamba nazijua kwa mpangilio. Mabwana afya walikuja na dawa ya unga, wakanyunyiza nyumba, wakakataza watu kulala chini, wakasema mahindi yasihifadhiwe ndani watu wanapolala. Wengine walifuata. Wengine walisema ni mkono wa mtu, wakatafuta mganga. Wengine walificha mgonjwa ndani kwa siku mbili tatu, kwa sababu nyumba ikijulikana ina tauni hakuna atakayenunua kabichi zenu sokoni.

Ajabu ni kwamba bibi hasimulii sana nani alikuwa sahihi kuhusu panya na nani alisema uchawi. Hayo kwake yamepita. Anachokumbuka, miaka mingi baadaye, ni mama mmoja jirani. Kila asubuhi, wakati nyumba ya bibi imewekwa pembeni na kijiji kizima, mama huyo alipanda na ndoo ya maji kichwani, akaitua juu ya jiwe mwisho wa uwanja, akarudi nyuma hatua kadhaa, akapaza sauti kumsalimu bibi na kumuuliza mtoto ameamkaje. Bibi anatoka, anachukua maji, wanaongea kwa mbali. Siku nyingine juu ya jiwe palikuwa na makande. Hakuwahi kuingia ndani, maana ana watoto wake. Na hakuacha kuja hata siku moja. Mama huyo ni Mwislamu.

Na anamkumbuka ndugu mmoja, mtu wa uwezo, ambaye kipindi chote kile alipita njia ya juu ili asionekane. Huyo bibi alishamsamehe. Alipofariki, bibi alikwenda msibani, akapika, akasali rozari pamoja na wengine. Lakini simulizi inaendelea, na wajukuu tunaijua.

Ndiyo nasema hukumu ya vizazi si jambo la vitabuni peke yake. Inakaa kwenye midomo ya mabibi. Na huyu bibi yangu ameweka vigezo vyake pasipo kusoma teolojia: je, ulisema ukweli mapema, je, uliendelea kuja, na je, ulijua pa kusimama ili usiwaletee wengine madhara. Nikimpima Aloisi kwa jiwe lile la uwanjani, naona anapita. Alikwenda. Alipokatazwa alisimama. Aliporuhusiwa akaenda hadi pale aliporuhusiwa.

Wapo wanaouliza kama haikuwa upotevu. Kijana wa akili ile, familia ile, angekuwa askofu, angeandika vitabu, na amekufa kwa sababu ya mtu mmoja ambaye hata jina lake halijulikani. Nimelisikia swali hili kwenye mkutano wa VIWAWA, na aliyeuliza hakuwa na utani. Mimi naona swali linadhani kwamba Aloisi alitafuta kufa. Hakutafuta. Alipewa wodi iliyodhaniwa salama, akafanya kazi ya wodi ile, na kazi ya wodi ni kumnyanyua aliyeanguka. Hatari aliyokutana nayo ndiyo ileile ya muuguzi yeyote wa zahanati ya Mlalo au wa hospitali ya wilaya anapoingia zamu ya usiku. Tukisema Aloisi alipoteza maisha bure, tuwaambie hivyo na wauguzi.

Ugonjwa ulimpiga ghafla, akapewa sakramenti za mwisho, wote wakidhani anakufa. Hakufa. Homa ikashuka lakini haikuondoka, ikamla polepole kwa zaidi ya miezi mitatu. Padre Roberto Bellarmino, muungamishi wake, ambaye baadaye alikuwa kardinali na mwalimu wa Kanisa, alikaa naye mara kwa mara. Tarehe 10 Juni Aloisi alimwandikia mama yake barua. Ndani yake anamwomba asimlilie kama mtu aliyepotea, kwa kuwa anayemchukua ndiye aliyemtoa, na watakutana. Unaweza kuikuta barua hiyo katika Masomo ya Kanisa kwenye sikukuu yake. Alikuwa ameshasema kwamba angeondoka katika oktava ya sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, na jioni ya siku hiyo, tarehe 21 Juni, wengine wakiona ana nafuu, alikufa kabla ya saa sita ya usiku akitaja jina la Yesu.

Hukumu ikaanza mara. Virgilio Cepari, Mjesuiti aliyemfahamu, alikusanya ushuhuda wa waliosoma naye, waliolala naye chumba kimoja, waliokwenda naye hospitali, akaandika maisha yake. Mwaka 1605 Aloisi akatangazwa mwenye heri, miaka 14 tu baada ya kufa, na mama yake alikuwa bado hai. Rodolfo aliyepewa mali yote alishauawa mwaka 1593. Mwaka 1726 Papa Benedikto wa 13 akamtangaza Aloisi mtakatifu. Bellarmino alitaka azikwe karibu na miguu ya kijana aliyekuwa akimwungamisha, na leo wote wawili wamo katika kanisa la Mtakatifu Ignasi, Roma.

Lakini tazama vizazi vilivyo na tabia yao. Kwa muda mrefu sana watu walimwangalia Aloisi kwa lile ua, wakasahau ile hospitali. Seminari na shule zikamweka ukutani kama mfano wa macho ya staha. Ni kweli, alikuwa hivyo. Halafu miaka ya 1980 ukaja UKIMWI. Kwetu Tanzania wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na mnajua kilichofuata: watu kutengewa vikombe, wajane kufukuzwa, maiti kuogopwa. Ndipo Wakatoliki wengi duniani walipofungua tena maisha ya Aloisi na kuona ukurasa ambao babu zao waliupita haraka. Akaanza kuombwa kama msimamizi wa wagonjwa wa UKIMWI na wanaowahudumia. Ilibidi tuugue sisi ndipo tumwone yeye vizuri.

Na korona je? Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 2020. Shule zikafungwa, tukapanda basi kutoka Tanga na Dar kurudi milimani, Mombo hadi Soni kona baada ya kona, kila mtu akimtazama anayekohoa. Makanisa hayakufungwa kitaifa. Maji ya baraka yakatolewa mlangoni, amani tukapeana kwa kuinamisha kichwa, Komunyo mkononi. Baada ya hesabu kufika wagonjwa 509 na vifo 21, takwimu ziliacha kutangazwa, na kuanzia hapo kila mtu akabaki na dhamiri yake na ndoo yake ya maji tiririka. Wengine walivaa barakoa, wengine waliwacheka waliovaa, eti hawana imani. Januari 2021 maaskofu wetu kupitia Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania wakaonya kwamba wimbi jipya lipo, tujikinge. Machi mwaka huo katibu mkuu wa Baraza, Padre Charles Kitima, akaeleza kuwa ndani ya miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki, huku matatizo ya kupumua yakitajwa.

Idadi hiyo huwa inanirudia. Masista 60. Wengi wao bila shaka ni wa aina tunayoijua sisi, wa zahanati, wa chekechea, wa jikoni kwenye misheni, wale wanaokukaribisha kwa chai hata ukifika saa mbaya. Hakuna Cepari aliyekusanya maisha yao. Vijana, hiyo ni kazi tunayoweza kuifanya, na wakati bado upo, maana waliowafahamu wangali hai. Kama parokiani kwenu kuna padre au sista aliyefariki katika miezi ile, nendeni kwa waliokuwa naye, muulize, mwandike. Aliamka saa ngapi, alimtembelea nani, alikatazwa nini akatii, alisisitiza nini. Andikeni na yaliyo madogo. Na waulizeni pia wazee wa upande wa Rangwi, Mlalo na Mtae kuhusu miaka ya tauni, maana nao wanaondoka.

Kwa upande wangu nimeanza na bibi, kwenye simu, kwa kurekodi. Nilimuuliza jina la yule mama wa ndoo. Alinitajia jina, la baba yake, na la babu yake, halafu akaniagiza nikifika Lushoto nipande nikamsalimie, yuko hai, macho tu ndiyo yamefifia.

Novena ya Mtakatifu Aloisi inaanza tarehe 12 Juni, ili siku ya tisa iangukie tarehe 20, mkesha wa sikukuu. Nia ya mwaka huu: siku tatu za kwanza kwa ajili ya mapadre na watawa waliofariki 2020 na 2021, tatu zinazofuata kwa waliozikwa Lushoto wakati wa tauni, tatu za mwisho kwa wauguzi wote walio zamu usiku huu. Wenye majina ya marehemu wao wayalete kwa viongozi wa jumuiya mapema, yasomwe yote.

Mtakatifu Aloisi Gonzaga, utuombee.